Kutoka Kansas hadi Longisa: Historia ya Jani na Picha Yake

Mwezi wa Septemba 2011 mahindi yalianza kufa katika tarafa ya Longisa, Bomet. Longisa iko kando ya barabara itokayo Bomet kwenda Narok, kwenye mwinuko wa mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukipanda kuelekea Kericho unakutana na chai, shamba baada ya shamba; huku chini watu wengi hutegemea mahindi na ng'ombe wa maziwa. Ugonjwa ulianzia kwenye majani machanga ya katikati ya mmea. Michirizi midogo ya njano ilijitokeza chini ya jani, ikapanda kuelekea ncha. Kisha kingo za jani zikakauka, ukavu ukaingia ndani hadi kwenye mshipa wa kati, na mwishowe moyo wa mmea ukafa. Mimea mingi ilikufa kabla ya kutoa mbelewele. Iliyosalia ilizaa mahindi madogo yenye punje chache, au yasiyo na punje kabisa. Aina zote za mbegu zilizokuwa shambani ziliugua namna moja.

Anne Wangai na wenzake wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo ya Kenya, KARI, walichukua sampuli za majani na kuzipima maabara. Walikuta virusi viwili vilivyoungana: kirusi cha batobato ya njano ya mahindi, kinachojulikana kwa kifupi kama MCMV, na kirusi cha miwa, SCMV. Kila kimoja peke yake hudhuru mmea, lakini vikikutana huua. Ripoti yao ilichapishwa mwaka 2012, na ndiyo iliyotangaza kwa mara ya kwanza kuwa ugonjwa huo umeingia Kenya. Sampuli nyingine zilisomwa chembe za urithi Uingereza, na jibu likawa lile lile. Kufikia hapo ugonjwa ulikuwa umeshatoka Longisa ukaingia Bomet ya kati, Chepalungu, Narok na Naivasha. Mwaka huo huo wa 2012 ulikuwa Tanzania na Uganda. Hesabu iliyofanywa baadaye na watafiti wa uchumi wa kilimo ilikadiria kuwa mwaka 2013 Kenya ilipoteza tani nusu milioni za mahindi, sawa na asilimia 22 ya mavuno ya kabla ya ugonjwa.

Ndivyo jina la Longisa lilivyoingia katika maandishi ya sayansi ya mimea duniani. Lakini habari hii ina upande wa pili ambao haujaelezwa vya kutosha, nao ni upande wa picha. Dalili ya kwanza ya ugonjwa ni rangi: njano hafifu, nyembamba, juu ya kijani. Mkulima huiona kwa macho yake. Mtaalamu aliye Njoro, Naivasha au Nairobi siku hizi huiona kwa picha ya simu, na kabla picha haijamfikia huwa imeshabanwa ili iwe ndogo na isafiri upesi. Kubana picha ni kuamua kipi kibaki na kipi kitupwe. Uamuzi huo ulifanywa zamani, mbali na Bomet, na watu wenye nia njema ambao hawakuwa wakifikiria jani la mahindi hata kidogo.

Chuo kimoja, habari mbili

Mwanzo wa habari zote mbili uko mahali pamoja: Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas, katika mji wa Manhattan, Kansas, Marekani.

Nasir Ahmed alizaliwa Bangalore, India, mwaka 1940, akaenda kusoma uhandisi Marekani, kisha akawa mhadhiri katika chuo hicho. Mwaka 1972 aliomba fedha kwa shirika la taifa la sayansi la Marekani ili achunguze njia ya kuandika ishara kwa kutumia mawimbi ya kosaini. Aliamini kuwa njia hiyo ingewezesha picha kuelezwa kwa namba chache sana. Ombi lilikataliwa. Hakuliacha wazo lake. Kiangazi cha 1973 aliendelea na kazi bila malipo, pamoja na mwanafunzi wake T. Natarajan na rafiki yake K. R. Rao wa Texas. Makala yao ilitoka Januari 1974. Leo karibu kila picha ya simu na kila video ya mtandaoni hutumia hesabu iliyotokana na kazi hiyo.

Miaka michache baadaye, katika idara nyingine ya chuo hicho hicho, wataalamu wa magonjwa ya mimea Niblett na Claflin walikuwa wakichunguza mahindi yaliyoanza kukauka mashambani Kansas mwaka 1976. Kirusi cha MCMV kilikuwa kimeshaonekana Peru. Wao waligundua kuwa kikiungana na kirusi cha jamii nyingine huleta ugonjwa unaoua, na mwaka 1978 wakaueleza kama ugonjwa mpya wa mahindi wa Kansas. Ndio ugonjwa uliofika Longisa miaka 33 baadaye.

Kwa hiyo hesabu inayobana picha ya jani na maelezo ya kwanza ya ugonjwa wa jani vilitoka chuo kimoja, katika muongo mmoja. Havikukutana huko. Vilikuja kukutana kwenye simu ya afisa wa kilimo.

Laini nyembamba za Ulaya

Hesabu ya Ahmed ilikaa zaidi ya miaka kumi kabla haijawa kanuni ya dunia. Mwaka 1986 mashirika ya viwango na ya simu yaliunda kamati ya pamoja ya wataalamu wa picha, na herufi za mwanzo za jina lake la Kiingereza ndizo tunazoziona mwishoni mwa majina ya faili zetu: JPEG. Tatizo lililowakusanya tunalijua vizuri huku kwetu. Walitaka kupitisha picha kwenye laini nyembamba ya simu.

Laini waliyoilenga ilibeba biti 64,000 kwa sekunde. Picha ya kawaida ya runinga ya wakati huo, yenye pikseli 720 kwa 576, kila pikseli ikiandikwa kwa biti 16, ingechukua zaidi ya dakika moja na nusu kupita hapo. Ikibanwa hadi biti moja kwa kila pikseli, inapita kwa sekunde sita na nusu. Njia kadhaa zilishindanishwa, picha zilizobanwa zikawekwa mbele ya watu wazitazame, na njia iliyojengwa juu ya hesabu ya kosaini ikashinda. Kanuni ilipitishwa mwaka 1992. Kundi la waandishi wa programu likiongozwa na Tom Lane lilikuwa limeshaanza kutoa programu ya bure ya kuitekeleza tangu mwaka 1991, na ubure huo ndio uliofanya JPEG ienee kila mahali.

Ubure ulikuwa jambo kubwa, kwa sababu aina nyingine ya faili, GIF, iliyoanza mwaka 1987 na kubeba rangi 256 tu, ilitegemea njia ya kubana iliyokuwa na hataza ya kampuni ya Unisys. Mwishoni mwa 1994 ikatangazwa kuwa watunzi wa programu wangelipia matumizi yake. Mapema 1995 Thomas Boutell na wenzake wakaanza kutunga PNG, faili isiyodaiwa na mtu na isiyotupa hata pikseli moja, na mwaka 1996 ikakubaliwa rasmi. PNG inafaa maandishi, michoro na ramani. Kwa picha ya shamba hutoa faili kubwa mno, kwa hiyo watengenezaji wa kamera na simu walikaa na JPEG.

Ndani ya mraba mmoja

Tuangalie kwa karibu JPEG inavyofanya kazi, maana hapa ndipo mchirizi wa njano unapopotelea.

Picha ikishapigwa, programu huitenganisha katika tabaka tatu: namba moja ya mwanga na namba mbili za rangi kwa kila pikseli. Jicho la binadamu huona tofauti ya mwanga vizuri kuliko tofauti ya rangi, kwa hiyo mara nyingi pikseli nne zilizo jirani hupewa rangi moja ya pamoja, kila moja ikibaki na mwanga wake. Kwa hatua hiyo tu, nusu ya data imeshaondoka.

Kisha kila tabaka hukatwa katika miraba ya pikseli nane kwa nane, yaani 64. Hesabu ya kosaini hugeuza namba hizo 64 kuwa namba nyingine 64. Ya kwanza hueleza wastani wa mraba mzima. Zinazofuata hueleza mabadiliko ndani yake, kuanzia yale ya polepole, kama kivuli kinachofifia, hadi yale ya haraka, kama nywele au mchirizi. Mpaka hapo hakuna kilichopotea; ukirudisha hesabu nyuma unapata mraba ule ule.

Hasara huja kwenye hatua ya kugawanya. Kila namba hugawanywa kwa namba iliyo kwenye jedwali, na jibu hukamilishwa hadi namba nzima iliyo karibu. Kiambatisho cha kanuni ya 1992 kina majedwali mawili ya mfano, moja la mwanga na moja la rangi, yaliyotokana na majaribio ya kuona kwa macho ya watu. Jedwali la mwanga huanza na 16, na namba zake hupanda polepole. Jedwali la rangi huanza na 17, lakini kati ya namba zake 64, namba 51 ni 99. Maana yake ni hii: badiliko la haraka la rangi likitoa namba 40, arubaini ikigawanywa kwa 99 na kukamilishwa inakuwa sifuri. Mchirizi umefutwa. Sifuri nyingi zikipangana huandikwa kwa nafasi ndogo sana, na ndiyo sababu faili inakuwa nyepesi.

Kwa uso wa mtu, harusi au mandhari ya bonde, hasara hiyo haionekani, na waliotunga kanuni walifanya kazi ya kusifiwa. Lakini mchirizi mwembamba wa njano juu ya kijani ni badiliko la haraka la rangi. Uko hasa katika fungu ambalo jedwali lile limeliona kuwa ni la kutupwa. Sehemu yake inayoonekana kama tofauti ya mwanga hupona ikiwa faili haijabanwa sana. Ikibanwa mara mbili au tatu, nayo hufifia. Ni kama ungo uliosukwa kwa ajili ya mtama kisha ukapewa wimbi: umesukwa vizuri, lakini nafaka yako inapita chini pamoja na makapi.

Simu zafika nchi ya chai

Nyaya za intaneti za baharini zilifika Mombasa mwaka 2009, SEACOM na TEAMS. Kabla ya hapo Kenya ilitegemea setilaiti, kwa bei iliyowazidi watu wengi. Mapema mwaka 2011, miezi michache kabla ya mahindi ya Longisa kuugua, simu janja ya Huawei IDEOS iliuzwa nchini kwa shilingi 8,000 hivi, ikiwa na kamera ya megapikseli tatu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa simu ya aina hiyo kuwa karibu na mfuko wa mtu wa kawaida. Hata hivyo ugonjwa wa 2011 haukutambuliwa kwa picha. Ulitambuliwa kwa majani yenyewe, yaliyong'olewa shambani na kupelekwa maabara.

Miaka iliyofuata ikabadilisha mambo. Simu zikapata kamera za megapikseli kumi na mbili na zaidi, makundi ya WhatsApp ya wakulima na maafisa wa ugani yakaenea, na picha ya jani ikawa ndiyo taarifa ya kwanza ya ugonjwa. Hili ni jambo jema kabisa. Virusi hivi husambazwa na wadudu, thripsi na mbawakavu kwa MCMV, vidukari kwa SCMV, na mahindi yanapopandwa msimu baada ya msimu bila kupumzisha shamba, ugonjwa hupata makao. Siku chache za kuwahi zinaweza kuokoa shamba la jirani. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lakini tufanye hesabu. Chukua jani la sentimita 60 lililopigwa kwa urefu wote wa picha. Simu ya megapikseli 12 ina pikseli 4,000 kwa upande mrefu, kwa hiyo kila pikseli inabeba milimita 0.15 ya jani. WhatsApp, katika mpangilio wake wa kawaida wa miaka mingi, hupunguza upande mrefu hadi pikseli 1,600 hivi. Sasa kila pikseli inabeba karibu milimita 0.4, na rangi, kwa kuwa pikseli nne hugawana moja, hubeba robo tatu ya milimita. Mchirizi wa mwanzo mwembamba kuliko hapo umechanganywa na kijani cha jirani yake. Picha ikitumwa kwenye kundi la pili, na mtu akaipiga upya kutoka kwenye kioo cha simu, hubanwa tena. Anayeipokea mwishoni anaona jani zuri la kijani, au jani la njano kwa ujumla ambalo lingeweza kuwa na upungufu wa mbolea.

Kuna kingine kinachopotea njiani. Tangu miaka ya tisini faili za kamera huweza kubeba ndani yake saa, tarehe na, kwenye simu, mahali picha ilipopigwa. Picha ikipitia WhatsApp kwa njia ya kawaida, taarifa hizo huondolewa. Kwa picha ya familia ni kinga nzuri ya siri. Kwa ugonjwa unaohama kutoka Longisa kwenda Narok, mahali na tarehe ni nusu ya habari.

Mashine zajifunza kutazama

Mwaka 2016 watafiti wa mradi wa PlantVillage walitoa matokeo yaliyosisimua wengi. Waliifundisha kompyuta kwa picha 54,306 za majani ya mazao 14, zikiwa zimepunguzwa hadi pikseli 256 kwa 256, nayo ikataja ugonjwa sahihi kwa asilimia 99.35. Walipoijaribu kwa picha zilizotoka kwingine, usahihi ulishuka hadi asilimia 31 hivi. Sababu kubwa ilikuwa kwamba majani ya kufundishia yalichumwa na kupigwa moja moja mbele ya sehemu tupu, ilhali shambani kuna udongo, kivuli na magugu. Lakini ukubwa wa picha nao una neno lake: jani la sentimita 60 kwa pikseli 256 ni zaidi ya milimita mbili kwa kila pikseli. Mahindi yalikuwemo katika picha hizo. Ugonjwa wa Longisa haukuwemo.

Afrika Mashariki ilijibu kwa njia mbili. PlantVillage pamoja na taasisi ya IITA na shirika la FAO walitengeneza programu ya Nuru, inayozungumza Kiswahili na kupima jani la muhogo au dalili za viwavijeshi kwenye mahindi ndani ya simu yenyewe, bila intaneti. Picha haisafiri, kwa hiyo haihitaji kubanwa ili ipite kwenye mtandao. Na huko Arusha, watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia walikusanya kwa simu, kwenye mashamba ya Tanzania, zaidi ya picha 18,000 za majani ya mahindi: mazima, yenye ugonjwa wa milia, na yenye ugonjwa ule ule wa Longisa. Mkusanyiko huo ulichapishwa mwaka 2023 ili yeyote autumie. Mashine haifungwi na udhaifu wa jicho la mtu. Ikipewa rangi iliyosalimika, inaweza kuona kile ambacho majedwali ya 1992 yaliona hakina faida.

Somo la hospitali

Longisa ina hospitali ya rufaa ya kaunti ya Bomet, na katika tiba tatizo hili la picha kupoteza kitu ikibanwa lilishaonekana mapema. Watengenezaji wa mashine na madaktari wa picha walianza kutunga kanuni yao mwaka 1983, na mwaka 1993 ikapata jina la DICOM. Picha ya kifua yenye pikseli 2,000 kwa 2,500, kila pikseli ikiandikwa kwa baiti mbili, ni megabaiti kumi, na kanuni hiyo ina njia za kuibana bila kutupa chochote. Inaruhusu pia kubana kwa hasara, lakini kwa sharti: faili lazima itamke yenyewe kwamba imewahi kupoteza kitu, na alama hiyo hubaki hata faili ikihifadhiwa upya kwa njia nyingine. Daktari anayefungua picha anajua anatazama nini.

Jani la mkulima halina ulinzi huo, nami naona ni kasoro inayoweza kurekebishwa bila gharama kubwa. Mkulima na afisa wa kilimo waanze na lililo mikononi mwao. Wasogee karibu, wapige sentimita kumi za jani badala ya sitini, maana hapo hata picha iliyopunguzwa hadi pikseli 1,600 huonyesha michirizi vizuri kuliko picha ya jani zima isiyoguswa. Wapige nyingine ya mmea mzima na ya shamba. Waitume picha kama hati, njia ambayo WhatsApp haiibani, au kwa ubora wa HD ulioanza mwaka 2023. Waihifadhi ya asili kwenye simu hadi jibu litoke, na waandike mahali na tarehe kwa maneno.

Lililobaki ni la taasisi. Kila programu ya kupokea picha za mazao, iwe ya kaunti, ya KALRO iliyorithi kazi ya KARI, au ya mradi wa kigeni, ipokee picha ya asili na kuandika bayana kama imebanwa, mara ngapi na kwa kiasi gani. Bando ni ghali, na mtandao wa vijijini bado hautoshi, kwa hiyo kubana hakuepukiki. Ndiyo maana anayebana analazimika kujua kinachotafutwa kwenye picha. Kamati ya mwaka 1986 ilifanya hivyo hasa: iliuliza jicho la mtazamaji linahitaji nini, ikakitunza. Sasa swali hilo hilo liulizwe kwa niaba ya anayetafuta njano hafifu kwenye jani la mahindi, na majedwali ya namba yaandikwe upya kwa ajili yake. Kanuni yenyewe inaruhusu, kwa kuwa tangu mwanzo majedwali yale yalitolewa kama mfano, na kila faili ya JPEG hubeba jedwali lake.